Marudio ya Nyumbani: Mjadala wa Chunya juu ya Kutunza na Kuachia Vitu

Kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu wa wilaya ya Chunya, marudio ni mchanga uliokwisha kusagwa, kuoshwa na kukamuliwa dhahabu kwa zebaki, ambao badala ya kutupwa hurundikwa kando ya mwalo, yaani mahali pa kuoshea, ukingoja siku utakaporudiwa kwa njia nyingine. Zebaki hunasa sehemu tu ya dhahabu iliyomo, mara nyingi chini ya nusu, na kwa muda mrefu kilichobaki kilihesabiwa kuwa uchafu. Lakini tangu kuenea kwa mitambo ya kuchenjua kwa sayanaidi, kemikali inayoweza kuyeyusha dhahabu ndani ya maji, rundo lilelile limekuwa mali inayouzwa, kukodishwa na hata kugombaniwa. Ni vigumu kueleza kwa nini nyumba za mji wa machimbo huwa nzito kuachia vitu bila kuanza na rundo hilo, kwa sababu mtu aliyeona taka ikigeuka dhahabu mbele ya macho yake ana haki ya kumshuku kila anayemwambia kwamba kitu fulani hakina kazi tena.

Mjadala unaofuata umepewa sauti tatu, nazo si za watu fulani bali ni misimamo ambayo kikao chochote cha familia kinachohusu stoo iliyojaa kinaweza kuisikia. Mtunzaji ni sauti ya mwenye nyumba aliyekula chumvi nyingi. Mpunguzaji ni sauti ya kizazi kinacholala, kupika na kulea watoto katikati ya vitu hivyo. Tabibu ni sauti ya elimu ya afya ya akili. Kabla hawajasemeshana inafaa kutenganisha maneno matatu ambayo mazungumzo ya kila siku huyachanganya. Akiba ni kitu kilichowekwa kwa kusudi linalojulikana na kwa muda unaokadirika, kama mahindi kihengeni. Kuhodhi ni kuzuia bidhaa zisifike kwa wengine ili bei ipande. Kurundika, ambako ndiko kiini cha mjadala huu, ni kuweka vitu bila kusudi lililotajwa na bila kipimo, hadi mahali vilipowekwa pashindwe kufanya kazi yake: chumba kisilalike, jiko lisipikike, mlango usifunguke wote.

MTUNZAJI: Hukumu juu ya stoo iliyojaa haiwezi kutolewa na asiyejua stoo hiyo ilijazwa na nini. Dhahabu ya Lupa, eneo hili la machimbo la Chunya, ilianza kuchimbwa katika miaka ya 1920 na ikavuta maelfu ya watu, wenyeji na wageni, katika miaka ya 1930. Kisha migodi mikubwa ikafungwa, ukiwemo New Saza uliosimama mwaka 1956, na waliobaki wakaishi na vyuma, mashimo na milima ya mchanga iliyoachwa nyuma. Kizazi kilichofuata kikaangukia uhaba wa baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, wakati wananchi walipoombwa kufunga mkanda kwa miezi 18 na miezi hiyo ikarefuka kuwa miaka, na kipande cha sabuni au doti ya kanga ikawa jambo la kupangiwa foleni. Katika siku hizo dumu tupu halikuwa korokoro, kwa maana mafuta ya taa yalipofika dukani, aliyekuwa na dumu alirudi nyumbani na mwanga na asiyekuwa nalo alirudi na habari tu. Wahenga walionya kwamba mtu asiache mbachao kwa msala upitao, yaani asitupe mkeka wake mkuukuu kwa kutamani mswala wa mpita njia, na Chunya imelithibitisha onyo hilo kwa mizani: waliosawazisha marudio yao na kujenga juu yake leo wanawatazama majirani waliosubiri wakiyauza kwa tani.

MPUNGUZAJI: Heshima ya Mzee Mtunzaji ibaki palepale, na historia aliyoieleza haina ubishi, ila mfano wa marudio alioutegemea unamgeuka. Hakuna mchimbaji anayenunua rundo kwa macho. Huchota mchanga sehemu kadhaa za rundo, juu, katikati na chini, huuosha kwenye karai au huupeleka maabara, hupata kadirio la gramu za dhahabu kwa kila tani, kisha hulinganisha kadirio hilo na gharama ya sayanaidi, chokaa, maji, usafiri na mkaa maalumu unaonasa dhahabu iliyoyeyuka, na rundo lisiloweza kulipa gharama hizo huachwa bila machozi. Tangu mwaka 2019 Chunya ina hata soko la madini linalosimamiwa na serikali, ambako dhahabu hupimwa uzito na usafi wake na bei yake hujulikana. Basi na iulizwe ni nani aliyewahi kuipima stoo. Redio iliyokufa, mota ya mashine ya kusagia mawe iliyoungua, madirisha ya nyumba iliyobomolewa, magunia yaliyotoboka, sare za shule za watoto ambao sasa wana watoto wao, chaja za simu ambazo hazipo tena, vyote vimelala pamoja kwa jina moja la "vitafaa", na hakuna anayejua kipi kati yake kina gramu na kipi ni mchanga mtupu. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na hii imekwisha kupotea ingawa bado iko ndani.

Hoja hii ina uzito mkubwa kuliko inavyoonekana mara ya kwanza, kwa sababu haimwambii mtunzaji kwamba vitu vyake ni takataka. Ushauri mwingi unaotolewa kuhusu kupunguza vitu hushindwa hapo hapo: humtaka mtu akubali kwanza kwamba maisha yake yote alikuwa akikusanya uchafu, jambo ambalo hakuna mtu mwenye akili timamu atakayelikubali, hasa mbele ya wanawe. Mpunguzaji hapa anataka kitu kimoja tu, kwamba kanuni inayotumika mwaloni ivuke kizingiti cha nyumba.

TABIBU: Kabla ya kanuni hiyo kutumika, ni lazima kujua ni nani anayehusika, kwa kuwa watu wawili wenye stoo zinazofanana wanaweza kuwa na matatizo tofauti kabisa. Mwaka 2013 Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili cha Marekani kililitambua tatizo la kurundika vitu kuwa ugonjwa unaojitegemea katika toleo la tano la mwongozo wake, na Shirika la Afya Duniani likafanya hivyo katika toleo la kumi na moja la uainishaji wa magonjwa, lililopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika mwaka 2022. Kinachotazamwa katika utambuzi huo si wingi wa vitu peke yake. Hutazamwa kama mtu anapata shida kubwa kuachia hata kitu chenye thamani ndogo, kama shida hiyo inatokana na hisia kwamba ni lazima kitunzwe na maumivu anayoyapata kinapotajwa kuondolewa, na kama vyumba vimejaa kiasi cha kupoteza matumizi yake au usalama wake. Uchambuzi wa mwaka 2019 uliounganisha tafiti kadhaa, nyingi zikiwa za nchi tajiri, ulikadiria kwamba hali hiyo huwapata watu kama 2 au 3 katika kila 100. Huanza mara nyingi katika ujana, hukua polepole, huonekana waziwazi katika utu uzima, na mara kwa mara hufuatana na sonona, yaani huzuni ya muda mrefu inayomnyima mtu nguvu ya kufanya hata analolitaka. Mzee aliyejaza stoo lakini analala kitandani mwake, anapika jikoni mwake na anaweza kumpa fundi mota mbovu bila kukosa usingizi si mgonjwa. Ni mtu wa uhaba aliyepitwa na uhaba wenyewe. Yule ambaye uvungu wa kitanda umepanda ukawa juu ya kitanda, na ambaye hawezi kumkaribisha mgeni ndani kwa aibu, anahitaji msaada wa kitaalamu, na huduma za afya ya akili hutolewa katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya, mwisho wa barabara ya lami ya takribani kilomita 72 inayopanda na kushuka milima kutoka Chunya.

MTUNZAJI: Maelezo ya Tabibu yanamwondolea mzee tuhuma ya wazimu, na kwa hilo anastahili shukrani. Lakini kuna mambo mawili ambayo wasemaji wote wawili wameyaruka. La kwanza ni kwamba vitu vingi vya stoo havikuwekwa kwa ajili ya mwenye nyumba peke yake. Sufuria kubwa tano, sahani ambazo familia ya watu sita haiwezi kuzimaliza, turubai, mikeka na madumu hutoka nje ya nyumba hiyo kila mtaa unapopatwa na msiba au kupata harusi, na siku hiyo hakuna anayeuliza kwa nini mzee huyu ana vyombo vingi. La pili ni zito zaidi. Mji wa machimbo ni mji wa wapangaji. Habari ya dhahabu ikitoka Matundasi au Itumbi, au hata mkoa mwingine, kijana huondoka alfajiri na kuacha godoro, begi, sururu na sanduku kwa ahadi ya kurudi. Huyo ameacha amana, na amana haina muda wa kwisha. Je, Mpunguzaji anataka siku kijana huyo akirudi, baada ya miaka mitatu, aambiwe kwamba sanduku lake lilipimwa kwenye karai likaonekana halina gramu?

MPUNGUZAJI: Jambo la kwanza lina jibu ambalo mtaa umekwisha kulitoa wenyewe. Vikundi vya kufa na kuzikana, vile ambavyo wanachama huchangiana fedha na kazi wakati wa msiba, hununua na kutunza sufuria, viti na maturubai ya pamoja, huviorodhesha na kuteua mtu wa kuvitunza. Vyombo vya Mzee vikiingia humo vitaendelea kufanya kazi ileile ya heshima, na zaidi ya hapo havitasubiri yeye awepo ndipo vitoke. Jambo la pili ni kweli kwamba ni zito, na halipaswi kujibiwa kwa haraka.

Halipaswi, hakika. Amana ni mojawapo ya mambo ambayo vitabu vya kupanga nyumba vilivyoandikwa katika nchi nyingine haviyajui, kwa kuwa vinachukulia kwamba kila kilichomo ndani ya nyumba ni mali ya mwenye nyumba na kwamba tatizo lote liko ndani ya moyo wake. Hapa tatizo liko pia katika mkataba usioandikwa kati ya watu wanaohama na watu wanaobaki, na anayebaki hubeba mzigo wa wote walioondoka. Njia ya haki inayopatikana ni kuutoa mzigo huo gizani: kila amana ifungwe peke yake na kuandikwa jina la mwenyewe, tarehe aliyoondoka na jina la ndugu yake, kisha mwenye amana apigiwe simu, au ndugu huyo apigiwe, na asipopatikana, mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji aitwe kushuhudia orodha na muda uliowekwa kabla ya hatua nyingine. Kisichofaa ni kuziacha amana zichanganyike na vitu vya nyumba hadi mwenye nyumba mwenyewe asijue tena kipi ni chake, kwa sababu siku ya kurudishwa amana iliyochanganyika huonekana kama iliyoibwa.

TABIBU: Kuna onyo la kuongeza kwa Mpunguzaji na kwa vijana wote wanaosubiri Mzee asafiri ili waite mkokoteni. Kuondoa vitu vya mtu bila yeye huumiza pande zote mbili: mwenye vitu hupoteza imani na watu wake, na kwa kuwa mazoea yenyewe hayakuguswa, nafasi iliyofunguliwa hujaa upya. Tiba ya mazungumzo inayoshughulikia fikra pamoja na matendo, ambayo watafiti Randy Frost na Gail Steketee wa Marekani waliifanyia kazi mahsusi kwa tatizo hili, imejengwa juu ya mkono wa mwenyewe. Yeye ndiye anayekishika kitu, anayetamka anachohofia kitatokea kikiondoka, anayekiachia, na anayegundua baada ya siku chache kwamba hofu ilipungua na mwezi haukuanguka. Sambamba na hilo hujifunza kuvipita vitu vipya bila kuvichukua, kwa sababu chombo kinachoingiza maji hakikauki kwa kukombwa peke yake.

MTUNZAJI: Nchi hii inalijua onyo hilo kwa uchungu wake. Mwaka 1983, katika kampeni dhidi ya wahujumu uchumi iliyoongozwa na Waziri Mkuu Edward Sokoine, wafanyabiashara waliohofia kukutwa na bidhaa walizozihodhi walizitupa usiku vichakani na mitoni, na watu wa kawaida nao wakaogopa hata akiba zao halali. Aliyekuwa mtu mzima mwaka ule alijifunza kwamba kitu hutoka nyumbani kwa hofu.

MPUNGUZAJI: Na ni mwaka uliofuata tu ambapo biashara ilianza kulegezwa na mitumba ikaanza kuingia kwa wingi, hata watoto wa waliopanga foleni ya kanga wakawa watu wa kununua nguo mnadani kwa sababu ni rahisi, si kwa sababu inahitajika. Stoo ya leo haijazwi na uhaba; inajazwa na wingi wa vitu hafifu vinavyopokewa kwa tahadhari za uhaba.

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo iliyo karibu zaidi na ukweli katika mjadala wote. Mazoea yaliyofaa wakati vitu vilikuwa vichache na imara, kama baiskeli iliyotengenezwa mara ishirini, yamebaki yaleyale wakati vitu vimekuwa vingi na dhaifu, visivyotengenezeka wala kuchakaa kwa heshima, na hapo akiba hugeuka rundo bila mwenyewe kutenda kosa lolote. Usafi wa kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ambao umekuwa desturi ya kitaifa, hufagia barabara, mitaro na viwanja, lakini huishia mlangoni. Na pengine ni vyema uishie hapo, kwa kuwa kilicho ndani kinahitaji mwendo mwingine.

Kuhusu mwendo huo, sauti tatu zinakubaliana zaidi ya zinavyotofautiana. Kipimo kinachopendekezwa ni karai moja: kila Jumamosi karai moja lijazwe kutoka sehemu moja ya stoo, vitu vyake vimwagwe uani kwenye mwanga, na kila kimoja kiulizwe kama kina mwenyewe, kama kina kazi yenye tarehe, na kama gharama ya kukirudisha kazini ni ndogo kuliko ya kukipata kingine. Vyuma chakavu huenda kwa wanunuzi wanaopita na mizani, vipuri kwa fundi, nguo kwa anayezihitaji, na kisichofaa popote huenda dampo. Karai likiisha kazi imeisha kwa wiki hiyo, hata kama hamasa bado ipo, kwani hamasa inayomaliza stoo kwa siku moja ndiyo hiyohiyo inayoleta majuto yatakayoijaza tena.

TABIBU: Karai la kwanza, hata hivyo, lisichaguliwe kwa bahati nasibu. Katika nyumba za machimbo na za wakulima wa tumbaku kuna vitu ambavyo havisubiri zamu: zebaki iliyofichwa kwenye kichupa chini ya kitanda, makopo ya viuatilifu, betri za gari zinazovuja, na madumu yaliyowahi kubeba kemikali ambayo sasa yanatunza maji. Zebaki huvukiza hata katika joto la kawaida la chumba, mvuke wake hauna rangi wala harufu, nao hudhuru mishipa ya fahamu na figo, hasa za watoto na za walio bado tumboni. Isimwagwe chooni wala isipelekwe dampo; ifungwe barabara katika chombo kisichovunjika, ikiwa imefunikwa na maji, iwekwe nje ya nyumba ya kulala, na ushauri uombwe kwa Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali au kwa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, ambazo zote zina ofisi za kanda mkoani Mbeya. Na kwa kuwa marudio yametajwa mara nyingi, ni haki kutaja pia kwamba rundo hilo hutunza zebaki pamoja na dhahabu. Mkataba wa Minamata, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2020, unahesabu kuyachenjua kwa sayanaidi marudio yenye zebaki bila kuiondoa kwanza kuwa miongoni mwa njia mbaya kabisa za kupata dhahabu.

MTUNZAJI: Kichupa kitatoka. Betri zitatoka, mota itaenda kwa fundi, sufuria tatu kati ya tano ziende kwenye kikundi, na amana ziandikwe. Lakini lipo sanduku la bati ambalo halina kitu cha kupimwa kwa gramu. Lina kanga za marehemu mama mwenye nyumba, barua, picha na leseni ya uchimbaji iliyokwisha muda. Hilo nalo likae kwenye zamu ya karai?

MPUNGUZAJI: Hapana, lisikae. Matanga yakishaanuliwa, ni ndugu ndio huketi kugawana vya marehemu, wakigawa kwa kubahatisha kwa sababu mwenyewe hayupo tena kusema kipi kilitoka wapi. Wazee wa Sweden wana desturi ya kuifanya kazi hiyo wangali hai, taratibu, ili wasiwaachie watoto wao kisanduku cha mafumbo. Sanduku hili linaombewa daftari peke yake.

MTUNZAJI: Daftari linakubalika, kwa sharti kwamba mjukuu ndiye atakayeandika, na kwamba kila kanga itafunguliwa yote na habari yake kusimuliwa mpaka mwisho kabla jina la atakayeichukua halijaandikwa.

MPUNGUZAJI: Basi hilo halitakwisha Jumamosi moja.

MTUNZAJI: Hakuna aliyesema liishe.